Kambare hazaliwi kilindini

*Mjini Babati, mazungumzo ya samaki kupungua huanza na kuishia kwenye nyavu. Makorongo na mbuga za kata kama Mutuka hazitajwi, na huko ndiko tatizo linakoanzia.*

Masika yakikolea, kambare huacha maji ya kina. Husubiri usiku, mara nyingi ule unaofuata mvua kubwa, kisha huingia kwenye nyasi ambazo wiki iliyopita zilikuwa malisho ya ng'ombe na sasa zimefunikwa na maji ya kufika magotini. Jike hutaga, mayai hunata kwenye majani, na wazazi wote wawili hurudi zao bila kulinda chochote. Maji yakiwa na joto la kutosha, mayai huanguliwa kati ya saa 24 na 36. Baada ya hapo vifaranga wana muda mfupi wa kula na kukua kabla maji hayajapungua na kuwalazimisha kufuata mkondo kurudi ziwani.

Yote hayo yanadai jambo moja: maji yatulie juu ya nyasi kwa siku kadhaa. Korongo likichimbwa mchanga mpaka likawa handaki, likanyooshwa ili maji yapite haraka, likalimwa mchicha na nyanya mpaka ukingoni, maji ya masika hupita kwa saa chache tu, mekundu kwa udongo, na nyasi za pembeni hazipati hata tone. Kambare anayepanda hukutana na ukuta wa udongo huku na huku. Akisonga mbele hukuta kalavati la barabara ambalo mdomo wake wa chini unaning'inia juu ya shimo lililofukuliwa na maji yenyewe. Kambare ana sifa ya kujikokota kwenye nyasi zenye umande kutoka dimbwi hadi dimbwi, lakini ukuta wa zege humshinda.

Mutuka ni mojawapo ya kata nane za Halmashauri ya Mji wa Babati, pamoja na Babati, Bagara, Bonga, Maisaka, Nangara, Sigino na Singe. Kwenye makaratasi ni mji, lakini kilimo na ufugaji havijaondoka, na hapo ndipo hoja ya makala hii inaposimama. Babati bado ina nafasi ambayo miji mingine imeshaipoteza. Dar es Salaam iliacha bonde la Msimbazi lijengwe, na sasa kurudisha sehemu ya bonde hilo kwa maji kumehitaji mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, ulioidhinishwa mwaka 2022, pamoja na kuwalipa na kuwahamisha wakazi ambao wengine walishazoea kuhama na kurudi kila baada ya mafuriko. Kuacha mbuga ya korongo bila kujengwa leo ni gharama ndogo. Kuidai baada ya miaka thelathini ni habari nyingine.

Ziwa lisilo na njia ya baharini

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye kina kifupi linalojulikana zaidi kwa viboko wake, ingawa perege na kambare ndio wanaolisha watu. Eneo lote limo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini. Mvua inayonyesha huku huishia kwenye maziwa ya ndani, ikafyonzwa na ardhi au ikapaa na jua. Kwa mvuvi, maana ya jiografia hiyo ni ngumu: hakuna akiba ya samaki itakayopanda kutoka kwingineko kuja kujaza pengo. Samaki watakaovuliwa Babati mwaka ujao ni wale waliofanikiwa kuzaliwa na kukua hapa hapa, ziwani, kwenye matete ya ukingoni na kwenye vijito vinavyoingia.

Ziwa hilo lina historia ya kuvuka mipaka. Lilifurika hadi mjini mwaka 1964, likarudia mwaka 1979, na tena mwaka 1990. Furiko la 1990 liliacha taarifa nene ya kitaalamu, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1992 na kitengo cha kanda cha hifadhi ya udongo, kuhusu ukarabati na namna ya kuzuia lisitokee tena. Miaka mitatu baadaye mtafiti Klaus Sandström alichapisha makala iliyouliza waziwazi kama mafuriko yale yalitokana na kubadilika kwa uoto wa ardhi. Swali lake halijapoteza uzito, na halina jibu la mkato. Anayelaumu ukataji miti peke yake anasahau kwamba miaka ya mwanzo ya 1960 mvua zilikuwa kubwa Afrika Mashariki yote, na hata Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Anayelaumu mvua peke yake naye anasahau kwamba mvua ile ile ikianguka kwenye mteremko wenye nyasi na kwenye mteremko mtupu haifiki ziwani kwa namna moja.

> Mvua huleta maji. Ardhi ndiyo inayoamua yafike kwa kasi gani na yakiwa yamebeba udongo kiasi gani.

Hapa ndipo mambo mawili ambayo ofisi zetu huyatenga, mafuriko na samaki, yanapogeuka kuwa jambo moja. Udongo unaoteremka na maji ya kasi hujaza ziwa ambalo tayari halina kina, na ziwa likipungua kina hufurika kwa maji kidogo zaidi. Udongo huo huo hufunika sehemu za maji mafupi ambako perege dume huchimba kiota chake na jike kuyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Korongo lenye mbuga iliyo hai hufanya kinyume cha hayo: maji hupanda ukingo, husambaa, hupungua kasi, na udongo hutua kwenye nyasi kabla ya kufika ziwani. Kambare hutagia pale pale udongo unapotua.

Samoni wa Marekani, ningu wa Ziwa Victoria

Kazi ya kurudisha vijito na nyanda zake za mafuriko imefanywa kwa bidii kubwa zaidi kwa ajili ya samoni, samaki anayezaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Mwaka 2001 watafiti wa California walionyesha kwamba vifaranga wa samoni waliokulia kwenye uwanda uliofurika wa Yolo walikua haraka kuliko wenzao waliobaki kwenye mkondo wa mto Sacramento, kwa sababu kwenye maji mafupi na yenye joto chakula kilikuwa kingi. Uwanda huo ni njia ya kupitishia mafuriko yasiingie mjini, na hulimwa mpunga na mazao mengine wakati wa kiangazi. Jimbo la Washington nalo liliamriwa na mahakama mwaka 2013, baada ya kushtakiwa na makabila 21 ya wenyeji, lijenge upya mamia ya makalavati yaliyokuwa yakizuia samoni kupanda. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iligawanyika nne kwa nne, na amri ikabaki palepale. Hoja ya makabila ilikuwa nyepesi kueleweka: haki ya kuvua samaki haina maana ikiwa serikali yenyewe imewafungia samaki njia.

Mtu anaweza kusema samoni si wa kwetu na Babati si California. Ni kweli, ingawa kambare naye husafiri, japo safari yake ni ya mita mia kadhaa badala ya kilomita mia kadhaa. Tena Afrika Mashariki ina samaki wake wa kupanda mito. Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa akiingia kwenye mito kila msimu wa mvua kutaga kwenye nyanda zilizofurika, na uvuvi wake ulilisha watu wengi wa mwambao. Miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea kwenye midomo ya mito, na ningu akaporomoka.

Mfano huu kwa mtazamo wa haraka unapingana nami, kwa sababu aliyemmaliza ningu ni nyavu na si korongo. Sina haja ya kuuficha. Lakini nyavu zilizomwangusha zilitegwa kwenye mlango wa mto, wakati samaki wenye mayai wanapita. Uvuvi ulikuwa umefika ziwani zamani, naye aliendelea kuwepo. Alipofungiwa njia ya kwenda kuzaa, miaka michache ilitosha. Kokoro linalokusanya samaki wachanga ziwani ni la kupigwa vita, na mwezi wa kupumzisha ziwa una faida yake. Ila ziwa lililopumzishwa wakati mbuga zake zimekauka linasubiri vifaranga ambao hawakuzaliwa.

Kondoa walitumia nguvu

Babati haihitaji kwenda mbali kuona ardhi ikirudishwa. Ukishuka na barabara ya Dodoma unaingia Kondoa, ambako mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Milima ya Irangi ilikuwa imechimbwa makorongo ya kutisha, na mchanga ulikuwa ukifunika mashamba ya bondeni. Matuta na makinga maji hayakutosha, na mwaka 1979 ikatoka amri ya kuondoa mifugo yote katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi kwa kasi iliyowashangaza hata waliopanga mradi. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wachache wa maziwa waliruhusiwa kurudi kwa masharti ya kufugwa ndani.

Kwa upande wa ikolojia, Kondoa ilithibitisha kwamba korongo haliko chini ya laana ya kudumu. Kwa upande wa watu, hesabu ni chungu. Familia zilizoishi kwa mifugo zilitakiwa kuuza, kugawa au kuhama, na mzigo wa mifugo ukahamia kwa majirani ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo anayesema urejeshaji wa ardhi unaweza kuwa jina zuri la kuwafukuza watu hasemi uongo.

Ndiyo maana mfano wa pili, ambao Babati yenyewe iliutoa, una thamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye hekta zipatazo 9,000, kuwa hifadhi ya serikali. Vijiji vinane vinavyouzunguka vilikataa, vikachora mipaka yake, vikaweka sheria ndogo na walinzi wake, na kufikia katikati ya muongo huo msitu ukawa mali ya vijiji kisheria. Duru-Haitemba ni miongoni mwa mifano ya mwanzo iliyoandaa njia ya usimamizi shirikishi wa misitu nchini kote. Waliokuwa wakitazamwa kama waharibifu ndio waliosimamia uponaji wake. Mbuga ya korongo ni ndogo kuliko msitu huo, na sioni kwa nini kazi hiyo iwashinde wakazi wa mtaa au kijiji.

Vitalu vya mboga na mita 60

Pingamizi la kwanza ni la mkulima, na ndilo zito. Ardhi ya kandokando ya korongo ndiyo pekee yenye unyevu mwezi wa Septemba. Mchicha, nyanya na vitunguu vya hapo ndivyo vinavyolipa ada na daftari. Kumwambia mwenye kitalu aondoke ili kambare azae ni kumwomba alipie chakula cha mwenzake.

Sheria imejibu pingamizi hili vibaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru mazingira hayo. Kipimo hicho ni rahisi kwa mwenye futikamba, lakini maji hayapimi mita. Penye mteremko mkali, mita 60 ni nyingi kuliko furiko linavyoweza kufika. Penye mbuga tambarare, furiko huvuka mita 300, na nyumba iliyojengwa kwenye mita ya 70 inakuwa halali huku imesimama katikati ya maji. Mkulima anasumbuliwa mahali asipodhuru, na mjenzi anaachwa mahali atakapodhurika.

Wakulima wa Rufiji walishatengeneza jibu bora kabla sheria haijaandikwa. Maji ya mto yakishuka, hupanda kwenye udongo uliobaki na unyevu, kilimo wanachokiita mlau, huku mabwawa ya bonde hilo yakiwa yamepokea samaki wapya kutoka kwenye furiko lile lile. Shamba na mazalia ya samaki ni ardhi moja, ila zamu zake ni tofauti. Kitalu cha nyanya cha Juni hadi Oktoba hakimwumizi kambare anayetaga Machi. Vinavyomwumiza ni tuta la kuzuia maji yasiingie, kifusi, mgomba na mwembe uliopandwa ili kudai umiliki, na msingi wa nyumba. Kata ikiruhusu kilimo cha kiangazi kwa maandishi na kukataza kujaza na kujenga, sehemu kubwa ya ugomvi inaisha. Kwa wale wachache ambao lazima waondoke kabisa, walipwe. Hilo halina mjadala.

> Shamba na mazalia ya samaki ni ardhi moja, ila zamu zake ni tofauti.

Pingamizi la pili lina hofu ndani yake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuivamia Katesh, katika mkoa huu huu, na watu zaidi ya 80 walikufa. Baada ya tukio kama hilo, kumwambia mtu aache maji yakae karibu na mji kunaonekana wazimu. Atataka mfereji mnyoofu wa zege uyapeleke mbali haraka. Lakini maporomoko ya mlima ni janga la aina yake, halizuiwi na mfereji wala na mbuga, na lisitumike kuamua mambo ya korongo la tambarare. Kwa furiko la kawaida, mfereji mnyoofu hauondoi maji, unayafikisha kwa jirani wa chini yakiwa mengi kwa wakati mmoja. Florida waliunyoosha mto Kissimmee katika miaka ya 1960 wakaufupisha kutoka kilomita 166 hadi 90. Kuanzia 1999 walifukia sehemu ya mfereji ule ule ili mto urudi kupinda, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2021. Babati haina fedha za kukosea mara mbili.

Wapo pia wanaosema tununue vifaranga tupandikize ziwani. Kwa mabwawa ya kufugia, sawa kabisa. Kwa ziwa la asili kuna hatari ambayo watafiti wa nchi hii wameionyesha mahali pengi: sato wanaoletwa kutoka nje huzaana na perege wa kienyeji, na uzao wa asili ukichanganyika hauwezi kutenganishwa tena. Isitoshe, kifaranga wa kununua anaingia kwenye ziwa lile lile lenye tope. Wengine wanahofia mbu, konokono wa kichocho na viboko, na wasiwasi huo una msingi wake. Ila maji yanayokuja na kuondoka si hatari kama madimbwi yanayotuama kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga, na kiboko hupanda kula nyasi kila usiku, mbuga iwepo isiwepo. Kukosekana kwa nyasi ukingoni ndiko kunakomfikisha kwenye mahindi.

Kazi yenyewe, na kalenda yake

Kinachotakiwa hakina utaalamu wa kutisha. Juu mteremkoni ni matuta ya fanya juu na makinga maji, kazi ambayo wakulima wa wilaya hii wanaijua. Ndani ya korongo ni vizuizi vifupi vya mawe na matawi, kimoja baada ya kingine, vinavyonasa mchanga mpaka sakafu ya korongo ipande na maji yaweze kuvuka ukingo. Vikiwa virefu mno maji huvibomoa na kuacha shimo kubwa kuliko la mwanzo, na kosa hilo ni la kawaida. Kandokando ni matete, mabingobingo na mikuyu. Mifugo ipewe njia moja ya kushukia majini, au mbauti juu ya ukingo, badala ya kuachwa ibomoe kingo popote inapotaka. Uchimbaji wa mchanga uhamishiwe mahali maalumu penye kipimo, kwa sababu kuukataza kabisa wakati mji unajengwa ni kualika matipa ya usiku.

Ugumu uko kwenye madaraka. Kalavati ni la wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kibali cha kugusa mkondo ni cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, samaki ni wa ofisa uvuvi, kitalu ni cha ofisa kilimo, na kiboko ni wa maliasili. Kila mmoja ana fungu lake, na hakuna fungu lililoandikwa mbuga. Halmashauri ya Mji ndiyo pekee inayowakutanisha wote mezani, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kuchora ramani ya mahali maji yalipofika mwaka 1990 na miaka ya mvua kubwa iliyofuata, mtaa kwa mtaa, kwa msaada wa wazee wanaokumbuka, kisha kuiweka ramani hiyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla viwanja havijapimwa. Mutuka na kata nyingine zenye mashamba zianze, kwa kuwa huko viwanja vingi havijauzwa.

Kalenda nayo ina masharti yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na makorongo ya Babati huwa makavu kuanzia Juni mpaka Oktoba. Fedha ikichelewa kufika mpaka Novemba, kama inavyotokea mara nyingi, mvua zinakuwa zimeshaanza na kazi inahamia mwaka unaofuata. Vizuizi vya mawe na matawi havihitaji kusubiri fedha hiyo: vinaweza kujengwa kwa nguvu za wananchi mwezi wa Agosti, mavuno yakiwa yameingia ghalani, na kuachia fungu la halmashauri kazi ya kalavati na fidia.